Kimo Hakirushi Mpira

Mwandishi mmoja anadai eti kijana yeyote wa Makumira, hapa Usa River, mwenye mwili mkubwa anaweza kuwa kwotabeki, yule mrusha mpira anayeongoza mashambulizi katika futiboli ya Kimarekani, kwa kuwa Mkenya Daniel Adongo alifika kwenye ligi ya mchezo huo! Amesimulia nusu ya habari. Timu ya Indianapolis Colts ilimtoa Adongo kwenye raga mwaka 2013, ikampa kazi ya kukimbia na kukaba. Hakupewa kazi ya kurusha mpira wala kuongoza mashambulizi, na mwaka 2015 ikaachana naye.

Kwotabeki hulelewa tangu shuleni, akijifunza kusoma ulinzi wa wapinzani kabla hajarusha. Mfano ni kwotabeki Tom Brady: akiwa mwembamba na mzito wa mbio, alichaguliwa wa 199 timu zilipogawana wachezaji wapya mwaka 2000. Hata hivyo akatwaa Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, mara saba. Sasa mwandishi atuambie: hapa Usa River, nani atamfundisha kijana huyo kurusha?