Donge Nono Tunalisikia, Lakini Nani Amelipwa?

Makamanda, nianze na stori ya nyumbani.

Msimu wa kahawa uliopita hapa Isansa, mnunuzi mmoja alivamiwa njiani usiku. Akakatwa panga, akanyang'anywa hela aliyokuwa anakwenda kuwalipa wakulima. Mtuhumiwa alijulikana kwa jina na kwa sura, akakimbia. Polisi wakaja, mkutano ukaitwa, tukaambiwa atakayetoa taarifa atapewa zawadi nono na jina lake litabaki siri.

Rafiki yangu mmoja wa bodaboda ndiye alikuwa amembeba yule jamaa kumpeleka upande wa Tunduma, bila kujua amebeba nini. Alipopata habari akaenda kituoni. Kituo sikitaji. Akaandikiwa maelezo, akaweka dole gumba. Siku ya tatu mtuhumiwa akakamatwa. Siku ya nne ndugu wa mtuhumiwa akampigia rafiki yangu simu na kumsomea yale maelezo, karibu neno kwa neno.

Na hela? "Njoo Jumatatu." Jumatatu mkubwa yupo safari. Wiki iliyofuata fungu halijatoka. Mwisho akaambiwa ile ilikuwa kauli ya kuhamasisha tu, wala haikuandikwa popote. Sasa hivi anaendesha bodaboda Tunduma, mke na mtoto wako huku.

Najua kuna atakayesema hilo ni tukio la kijiji kimoja. Sawa. Twende kwenye yale yaliyotangazwa nchi nzima.

Juni 15, 2013, bomu lilirushwa kwenye mkutano wetu wa kampeni uwanja wa Soweto, Arusha. Watu wakafa, wengine wamebaki na vyuma mwilini. Serikali ikatangaza shilingi milioni 100 kwa atakayesaidia wahusika kupatikana. Mwenyekiti Mbowe wakati huo alisema chama kina ushahidi wa video, ila kitautoa mbele ya tume huru ya majaji, sio kwa polisi. Wengi walimcheka. Mimi nilivyokua ndio nikaelewa: unampelekeaje taarifa mtu ambaye wewe mwenyewe unamtilia shaka? Ile milioni 100, ilitoka? Jina la aliyelipwa silihitaji hata kidogo. Nataka kujua ilitoka au ilibaki kwenye magazeti.

Agosti mwaka huohuo, mabinti wawili wa Kiingereza walimwagiwa tindikali Zanzibar. Polisi wakatangaza milioni 10. Mwaka 2017, mauaji ya Kibiti, Mkuranga na Rufiji yalipopamba moto, milioni 10 tena. Kila mara ni kamanda mbele ya kamera, namba kubwa, kisha kimya. Tunaambiwa dau, hatuambiwi hesabu.

Halafu kumbuka Oktoba 2018, alipotekwa Mo Dewji. Familia iliweka shilingi bilioni moja, na ikatoa mawasiliano yake yenyewe kwa mwenye taarifa. Unaweza kulisoma unavyotaka. Mimi nalisoma hivi: hata tajiri mkubwa kuliko wote nchini alijua kuna watu wanaojua kitu lakini kituoni hawataingia.

Na hofu hiyo sio uoga wa kijinga. Jirani zetu Kenya wanamkumbuka William Munuhe. Marekani ilikuwa imeahidi hadi dola milioni 5 kwa taarifa za kumpata Félicien Kabuga, mtuhumiwa wa mauaji ya kimbari ya Rwanda. Munuhe alikuwa anasaidia mtego wa kumkamata. Januari 2003 akakutwa amekufa nyumbani kwake Karen, Nairobi. Kabuga alikuja kukamatwa Ufaransa Mei 2020, miaka kumi na saba baadaye. Dau lilikuwa kubwa kuliko bajeti ya kijiji chetu kwa vizazi vingi, lakini halikumlinda mtu.

Kwa hiyo ninaposikia viongozi wa polisi wanalalamika kwamba "wananchi hawatoi ushirikiano", nachoka. Ushirikiano tunautoa. Mei 2019 Mdude Nyagali alichukuliwa na watu wasiojulikana pale Vwawa, makao makuu ya mkoa wetu. Siku chache baadaye alipatikana Inyala, Mbeya, amepigwa vibaya. Waliomuokota ni wanakijiji. Hawakuahidiwa hata soda. Waliona binadamu anakufa, wakapiga kelele.

Mei 2, 2025 Mdude akachukuliwa tena, safari hii nyumbani kwake Iwambi, Mbeya, mbele ya mke wake. Mpaka naandika haya hajarudi. Iwambi sio porini, watu wanaishi pale. Mimi naamini kuna mtu aliona gari, kuna mtu anajua lilikoelekea. Lakini mtu huyo akifikiria yaliyompata rafiki yangu kwa kumtaja mwizi wa kawaida tu, utamlaumu akinyamaza? Kama maelezo kuhusu jambazi wa panga yanavuja kwa siku nne, maelezo kuhusu watekaji yatavuja kwa dakika ngapi?

Hapa ndipo natofautiana na baadhi ya makamanda wetu wanaosema tusiwape polisi taarifa yoyote, tususe. Hapana. Yule jambazi hakumuuliza mnunuzi wa kahawa kadi ya chama. Mama zetu wanahitaji polisi wanaofanya kazi, na wapo askari wengi wa kawaida, wanaolala kwenye vibanda vya bati, ambao wanataka kuifanya. Tukisusa, tunawaachia wahalifu kijiji. Tudai utaratibu, na tuudai kwa jina lake.

Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ipo tangu 2015, na ndani yake kuna ulinzi na kuna zawadi. Jeshi la Polisi lina mfuko wake wa Tuzo na Tozo. Kwenye kodi, mtoa taarifa ana kiwango kilichoandikwa kwenye sheria. Kwa nini anayetaja jambazi ategemee kauli ya mkutanoni? Tangazo la donge liandikwe: kiasi gani, kinatoka fungu gani, kinalipwa kukitokea nini na ndani ya siku ngapi. Mtoa taarifa apewe namba, na jina lake lisikae kwenye jalada linalozunguka meza kwa meza. Kila mwaka tuambiwe madonge mangapi yalitangazwa na mangapi yalilipwa, bila majina. Na askari anayevujisha ashitakiwe, asihamishwe tu kituo. Kumhamisha ni kuwapelekea tatizo watu wa wilaya nyingine.

Kisha lile kubwa zaidi: pale anayetuhumiwa ni polisi, taarifa ipokelewe nje ya polisi. Hili sio la Chadema peke yake. Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman, iliyokabidhi ripoti Julai 2023, ilipendekeza kiundwe chombo cha upelelezi kinachojitegemea. Rais mwenyewe ndiye aliiunda tume hiyo.

Mkutano wa kijiji ukiitwa tena hapa kwetu, na polisi kata akasimama kutuomba taarifa, mimi nitanyoosha mkono. Nitamuuliza ile zawadi ya msimu wa kahawa iliandikwa wapi, na nani alitoa maelezo ya rafiki yangu nje ya kituo. Nimeshamwambia huyo rafiki kwamba nitauliza. Amenikatalia nisitaje jina lake, na ameniomba nisiseme hata anaegesha pikipiki upande gani wa Tunduma.