Barua ya Deni la Zamani

Barua ikija kudai mkopo wa Hazina ya Uwezo uliochukuliwa na chama cha akina mama wa Faza au Pate miaka mingi iliyopita, isichanwe, wala isilipwe kwa hofu. Hazina hiyo, iliyoanzishwa 2013, haitozi riba; hutoza ada ya asilimia 3. Basi toeni daftari la chama na stakabadhi za benki, mlinganishe na dai, kisha mwombe hesabu kwa maandishi katika afisi ya eneobunge. Kilichosalia ni haki ya watu. Ombeni kukilipa kidogo kidogo. Suratul Baqara, aya ya 282, yatuagiza kuandika madeni. Na mwenzenu aliyefariki, fungu lake la deni hutolewa kabla ya mirathi kugawanywa, mayatima wasije wakadaiwa kesho. Wabillahi tawfiq.