Namba D na Kauntabuku

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande bado uko kwenye vioo, binamu yangu aliweka kiganja juu ya boneti ya IST ya rangi ya fedha pale Bariadi mjini, mkoani Simiyu. Boneti ilikuwa ya moto. Jana yake dalali alikuwa ameapa kwamba gari hilo halijawashwa tangu juzi.

“Nimelipasha kidogo tu, mwalimu, usije ukasumbuka,” akasema dalali, funguo zinazunguka kidoleni. “Gari halina kipengele hili. Kipupwe mwanzo mwisho, injini haijafunguliwa. Halafu tazama mwenyewe, namba D.”

Nilikuwa nimemsisitizia binamu afike mapema kwa sababu ya hiyo boneti. Injini ikiwashwa baridi ndipo kasoro zake zinapotoka: moshi wa bluu wa oili iliyopenya kwenye silinda usiku kucha, mlio wa cheni, mtikisiko wa siletensi. Ikishapata moto, mengi hujificha. Nilitaka turudi kesho yake bila taarifa. Lakini binamu anafundisha Kasoli, mkopo wake wa mshahara ulikuwa umeshaingia benki, na lile neno “namba D” lilikuwa limeshamkaa kichwani. Akalipa siku hiyohiyo.

Tuanze na neno hilo, maana ndilo linalotuponza wengi. Herufi ya namba ya usajili inakuambia jambo moja tu: gari liliandikishwa lini hapa nchini. Haikuambii liliundwa lini, limetembea kilomita ngapi, wala lilimwagwa oili mara ya mwisho lini. IST ya mwaka 2004 iliyowahi kushuka bandarini ina namba B. Pacha wake wa mwaka huohuo, aliyekaa Japani muda mrefu zaidi, ana namba D, na sokoni D inauzwa ghali kuliko B. Hoja ya wanunuzi ni kwamba D imekula mashimo machache ya kwetu. Ina ukweli wake, ila ni ukweli wa wastani, na mtu hanunui wastani. Ananunua gari moja, lenye mwenyewe mmoja au watano, na mwaka wake wa kuundwa unapatikana kwenye kadi na kwenye namba ya chesesi ambayo wengi hatuinami kuisoma.

Serikali nayo ina kipimo chake, na chake ni umri. Gari lililovuka miaka 10 likiingia nchini linatozwa asilimia 30 ya ziada, ile ambayo mtaani tunaiita ushuru wa uchakavu. Tupige hesabu. Chukua gari la injini isiyozidi sisi 2000 ambalo thamani yake hadi bandarini, kwa makadirio ya TRA, ni shilingi milioni 10. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, linafika milioni 12.5. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 5, halafu VAT ya asilimia 18 juu ya jumla hiyo. Ukiacha tozo ndogondogo, gari limesimama kwenye milioni 15.49. Sasa ongeza ile 30 ya uchakavu, ambayo nayo inatozwa VAT juu yake: milioni 19.91. Umri peke yake umekula zaidi ya milioni 4.4. Na IST za toleo la kwanza zilitengenezwa kati ya 2002 na 2007, kwa hiyo kila moja inayoshuka leo inalipa kiwango hicho cha juu, iwe imetunzwa kama yai au imechoka.

Wanaotetea ushuru huu wana hoja nzito. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2020 kwamba Ulaya, Marekani na Japani ziliuza nje magari madogo yaliyotumika milioni 14 kati ya 2015 na 2018, na Afrika ndiyo iliyopokea mengi kuliko bara lolote. Hakuna anayetaka kuwa jaa la wenzake. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 kuingia. Uganda tangu 2018 imekataa yaliyozidi 15. Sisi tumeacha mlango wazi, tukamweka mlangoni mtu wa kukusanya kiingilio.

Shida yangu na kiingilio hicho ni kwamba kinalipwa mara moja, bandarini. Gari likishapita halikutani nacho tena hata likifika miaka 30. Kwa hiyo mwenye kipato cha mwalimu wa Kasoli, akiona bei ya gari la kuagiza imepanda kwa milioni 4, hasogei kwenye gari jipya zaidi. Anakwenda kwenye gari la mkononi, lililokwisha kupita kwa wamiliki watatu, ambalo ni chakavu kuliko lile lililotozwa kwa uchakavu.

Na hebu tujiulize kwa nini gari la miaka 15 kutoka Japani huwa linang'aa hivyo. Wajapani si kwamba wanazaliwa na moyo wa kutunza. Wana ukaguzi wa lazima wanaouita shaken: gari jipya linakaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Breki, moshi, chesesi, taa, vyote vinapimwa, na kisichofaa kinabadilishwa la sivyo gari haliendi barabarani. Gharama ya ukaguzi huo na matengenezo yanayoambatana nao ni sababu moja kubwa ya wao kuuza mapema. Tunachonunua kutoka Yokohama, basi, ni zao la utaratibu wa kukagua. Gari likishuka Dar es Salaam, utaratibu ule umebaki ng'ambo. Huku linakutana na trafiki wa barabarani, anayetazama tairi, taa, pembetatu na kizimamoto, na akikuta kosa anaandika shilingi 30,000. Faini yenyewe inakaa kwenye namba ya gari: binamu alirithi tatu za mwenye gari wa zamani, kwa sababu hakuangalia deni kabla ya kulipa.

Miezi minne baadaye, akitoka Lamadi na wanawe wawili, mvuke ukafumka kwenye boneti. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka. Mpira ule ni kitu cha bei ndogo, ukiubonyeza kwa vidole asubuhi injini ikiwa baridi unajua kama umekauka. Hakuna aliyewahi kuubonyeza. Ndani ya rejeta kulikuwa na tope la kutu, kwa kuwa waliotangulia walikuwa wakijaza maji ya kisima yenye chumvichumvi badala ya kulenti. Msamaria mmoja akaja na ndoo, akamwaga maji ya baridi kwenye injini inayochemka. Silinda hedi ikapinda. Gereji ilimla mshahara wa mwezi na nusu, na bado alirudi kwao Kasoli kwa bodaboda.

Hapo ndipo aliponipigia. “Kaka, nifundishe.”

Nilicheka, si kwa kumdharau. Familia yao imelima pamba tangu enzi za babu, na hakuna siku niliyoona mtu pale amemwita fundi aje kukaza nati ya plau. Mzee mwenyewe anafungua, anabadilisha bapa lililolika, anapaka grisi, anafunga. Baiskeli inazibwa pancha na mtoto wa darasa la nne. Mkokoteni wa ng'ombe ukivunjika ekseli, inachongwa jioni hiyohiyo. Watu hao hao, wakinunua gari, wanalitazama kama kitu cha mganga: hawafungui boneti mpaka litoe moshi. Sijui hofu hii tumeitoa wapi. Labda ni heshima ya gari. Mwalimu mzima chini ya uvungu, wanafunzi wanapita njiani, si picha ambayo watu wameizoea.

Tulichimba shimo nyuma ya nyumba, kina cha kiuno, mfano wa lile la wapasua mbao. Hilo lilikuwa sharti langu la kwanza, kwani gari lililoinuliwa kwa jeki pekee si la kuingia chini yake. Jumamosi, chini ya mwarobaini, tukaliwasha dakika tano oili ilainike, tukazima. Spana namba 14 ndiyo inayofungua nati ya kumwagia. Oili ikatoka nyeusi, nzito kama asali iliyoungua, ikajaa kwenye dumu la lita tano lililokatwa ubavu. Filta ilikuwa imekazwa mpaka tukaitoboa kwa bisibisi ndipo ikazunguka. Mpya tukaipaka oili kwenye mpira wake, tukaifunga kwa mkono tu. Injini hiyo, 1NZ-FE, inataka lita 3.7 ukibadilisha na filta. Binamu alikuwa anazoea kumimina galoni zima la lita 4 “isipungue,” bila kujua kwamba oili ikizidi nayo inaumiza, inapigwa na krenki mpaka inatoa povu. Tulimimina kidogo kidogo, tukisoma kijiti. Ile chafu jirani aliichukua kupaka nguzo za ua dhidi ya mchwa. Nilimwomba asiimwage karibu na kisima, na nina wasiwasi hakunisikia.

Filta ya hewa ndiyo iliyonishangaza. Tulipoigonga chini ilitoa vumbi la kutosha kupandia mche. Barabara za vumbi za Simiyu kiangazi zinaziba filta mapema kuliko kitabu cha Toyota kinavyosema, na masika tope jeusi la mbuga linaganda kwenye boljointi na kwenye rejeta, likikauka linakuwa kama sementi. Ratiba ya sevisi iliyoandikwa kwa ajili ya Nagoya haitoshi Kasoli. Ni lazima mtu wa Kasoli aandike yake, na njia pekee ya kuijua ni kufungua na kutazama.

Sisemi kila mtu awe fundi. Niliwahi kujaribu breki zangu mwenyewe, nikaruhusu hewa ikaingia kwenye mabomba, na mita hamsini kutoka nyumbani pedali ikazama mpaka sakafuni. Ukuta wa jirani ndio ulionisimamisha, nikaulipia. Tangu hapo breki, usukani, mfuko wa hewa na gia boksi ya otomatiki naviacha kwa wenyewe. Gia boksi hasa: ziko za CVT zenye oili yao maalumu, na anayejaza ya kawaida kwa kuwa “zote ni nyekundu” anaua gari kwa mkono wake.

Wapo watakaosema ninawanyang'anya mafundi riziki. Nilimuuliza jambo hilo fundi mmoja wa chini ya mti, kijana anayetengeneza pikipiki na magari pamoja. Alifuta mikono kwa tambara. “Mzee, anayenisumbua si anayejua. Ni yule anayekuja kasikia mtaani kwamba tatizo ni plagi, ananunua plagi, nafunga, gari halijapona, halafu mwizi ni mimi.” Mwenye gari anayeweza kusema oili inapungua kiasi gani kwa mwezi, na mlio unatokea gari likiwa baridi au moto, anampa fundi kazi halisi badala ya kubahatisha.

Kuna sababu nyingine ya mwenye gari kujifunza, inayohusu huku kwetu zaidi ya Dar es Salaam. Fedha ya Simiyu inakuja na pamba. Mwaka 2022 bei elekezi ilifunguliwa kwa shilingi 1,560 kwa kilo, mwaka uliofuata ikawa 1,060. Gari lililonunuliwa mwaka wa 1,560 ni lazima litunzwe mwaka wa 1,060, na hapo ndipo sevisi inaporushwa, “tutabadilisha msimu ujao.” Mwenye mikono inayojua hupunguza gharama bila kuruka kazi, asiyejua anaruka kazi.

Ningekuwa na sauti kwenye bajeti, ningepunguza ile 30 bandarini na kuhamishia nguvu kwenye ukaguzi wa kila miaka miwili, wa bei ndogo, unaofanyika wilayani, na matokeo yake yakae kwenye kumbukumbu za usajili ili anayenunua mkononi ayasome. Najua hatari yake. Uganda ilianzisha ukaguzi wa lazima chini ya kampuni ya nje, malalamiko ya gharama na mkataba yakawa mengi mpaka ukasimamishwa mwaka 2017. Ukaguzi ukigeuzwa chanzo cha mapato, unarudi kuwa kiingilio kilekile kwa jina lingine, na stika zitauzwa kama karanga. Ila tayari tumewahi kuhamisha tozo ya magari: mwaka 2017 ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa na fidia yake ikawekwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita, na nchi haikuanguka.

Binamu alinunua kauntabuku. Ukurasa wa kwanza ameandika namba ya chesesi na mwaka, 2004, kwa wino mwekundu. Kisha tarehe, kilomita, alichobadilisha, alichokiona, miaka mitatu mfululizo, kwa mwandiko wa ubaoni. Mwaka jana alitaka kuliuza anunue Noah. Mnunuzi akaja kutoka Maswa, mtu wa heshima, akaketishwa, akapewa maji. Binamu akamwekea lile daftari mezani. Mgeni akalifunua kurasa mbili, akalirudisha taratibu, akasogea dirishani kulitazama gari kwa nyuma.

“Hii D yenyewe, mwalimu,” akauliza, “ni ya mwanzo au ya mwisho?”