Kura Mbili Hazipimi Maini

Mwezi Julai 2012, mjini Roma, wajumbe wa Kamisheni ya Codex Alimentarius, chombo cha kimataifa kinachopanga viwango vya chakula, walipiga kura juu ya dawa iitwayo raktopamini. Waliokubali walikuwa 69, waliokataa 67. Kwa kura mbili tu walimwengu wakaambiwa kwamba nyama ya ng'ombe na ya nguruwe yaweza kubaki na mikrogramu 10 za dawa hiyo kwa kilo, maini 40, na figo 90.

Raktopamini haiponyi ugonjwa wowote. Mnyama ni mzima. Hutiwa dawa hiyo katika chakula chake wiki za mwisho kabla ya kuchinjwa ili mafuta yapungue na mnofu uongezeke, yaani mwenye mifugo apate kilo nyingi zaidi kwa gunia lile lile. Nchini Marekani, ambako iliruhusiwa kwa nguruwe mwaka 1999, hailazimiki kuachwa hata siku moja kabla ya kuchinja. Faida ni ya muuzaji; hatari, hata iwe ndogo namna gani, ni ya mlaji, ambaye hakuulizwa.

Watetezi wake hudai kwamba sayansi imekwisha kuamua. Sayansi ipi? Uchunguzi wa binadamu uliotegemewa ulihusu wanaume sita wenye afya njema. Wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya walisema waziwazi mwaka 2009 kwamba huo si msingi wa kutosha. Hawakuwamo wazee, watoto wala wagonjwa wa moyo, na dawa za ukoo huu huuendesha moyo mbio. Mjini Shanghai mwaka 2006 watu zaidi ya 300 waliugua baada ya kula nyama ya nguruwe yenye klenbuteroli. Ni kweli kwamba klenbuteroli ni kali kuliko raktopamini, lakini nani atawalaumu Wachina kwa kuushuku ukoo mzima?

Kuna na jambo jingine, nalo halisemwi sana. Wakadiriaji wa mabaki hutumia kapu la mlaji: gramu 300 za mnofu, 100 za maini, 50 za figo na 50 za mafuta. Mapafu hayamo. Utumbo haumo. China ililalamika kuhusu mapafu, kwa kuwa watu wake huyala. Bila shaka kapu hilo halikufungwa na mtu anayekunywa supu ya utumbo asubuhi, kama wanywavyo maelfu ya wafanyakazi wa Afrika Mashariki.

Tena mnofu ni shahidi mwepesi. Dawa hutoka humo upesi, ikabaki zaidi katika maini, figo na mkojo. Dawa za ukoo huu hata hung'ang'ania rangi nyeusi ya jicho na ya nywele. Ndiyo maana mkaguzi hodari hachukui kipande cha paja akaridhika. Huchukua ini au jicho, akalisaga, akalipitisha katika mashine inayotenganisha kemikali na kuzitambua kwa uzito wa chembe zake. Mashine hiyo ni ghali, na mtaalamu wake hafunzwi kwa juma moja.

Lakini wenye kupima walisikilizwa. Ulaya ilipiga marufuku dawa hizi katika kunenepesha mifugo mwaka 1996, na haikutikiswa na kura ya Roma. Urusi iliizuia nyama ya Marekani mwaka 2013. Mwaka 2019 makampuni makubwa ya nyama huko Marekani yalitangaza kuiacha raktopamini ili yauze nguruwe China. Kumbe iliwezekana! Kilichokosekana miaka yote ile ni mnunuzi mwenye maabara.

Basi ofisa anayeidhinisha maini yaliyogandishwa kwa ajili ya hospitali au shule ya bweni asitosheke na karatasi isemayo "salama". Aulize ni kiungo gani kilichopimwa, kwa mashine gani, na nani aliyechukua sampuli.