Upendeleo Kazini

Kijana aliyemaliza masomo, akazunguka na vyeti vyake miezi mingi, hatimaye akaandikwa kazi katika kampuni, huingia mle kwa unyenyekevu mkubwa. Akiambiwa abaki hadi usiku, hubaki. Akitumwa kupeleka barua ilhali aliandikwa kuwa karani wa hesabu, hupeleka. Mwenzake aliyeandikwa siku ileile, ambaye ni mpwa wa bwana mkubwa, hukabidhiwa vitabu vya hesabu na kupelekwa mafunzoni. Mwaka uishapo, huyo wa pili ndiye asemwaye kuwa na ujuzi. Kwa kweli anao, lakini ameupata kwa nafasi aliyonyimwa mwingine.

Ndiyo maana uonevu huu ni taabu kuushtaki. Hapana aliyefukuzwa, hapana aliyekatwa mshahara. Siku ya kupandishana vyeo ifikapo, wakubwa husema bila haya kwamba wamemchagua aliye hodari zaidi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, yamtaka mwajiri atoe nafasi sawa kwa wote. Yakataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsia, maoni ya siasa na mengineyo, tena yauhesabu ugawaji wa kazi, mafunzo na upandishaji vyeo kuwa ni mambo yasiyoruhusiwa kufanyiwa ubaguzi. Ni sheria njema. Walakini haikutaja waziwazi undugu wala urafiki. Isitoshe, kifungu cha 35, kama kilivyotungwa mwaka ule, kiliwaacha nje ya kinga ya kuachishwa kazi isivyo haki wale wasiotimiza miezi 6 kwa mwajiri mmoja. Basi mgeni kazini, aonewaye kuliko wote, ndiye mwenye sababu kubwa ya kunyamaza.

Wapo wasemao kwamba avumilie tu, maana kila mtu alianza hivyo. Hatukubaliani nao hata kidogo. Na wengi wa wasemao hayo ndio hao hao walaanio ukabila majukwaani, kisha wakirudi ofisini hujaza viti kwa jamaa zao.

Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU, kifungu cha 15, uliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu, na wafanyakazi viwandani wakakishika kifungu hicho kuwakabili mameneja wao. Makampuni mengi ya leo ni ya watu binafsi, lakini mfanyakazi anayedharauliwa hasikii nafuu kwa kuwa mwenye mali amebadilika.

Kwa hiyo yawapasa wafanyakazi kudai kwamba kila nafasi ya mafunzo na ya cheo ibandikwe ubaoni, pamoja na sifa zitakiwazo, kabla mtu hajachaguliwa. Sheria ile ile yamtaka mwajiri aandikishe kwa Kamishna wa Kazi mpango wake wa kuleta nafasi sawa na kuondoa ubaguzi. Ni matawi mangapi ya vyama vya wafanyakazi yaliyowahi kuuomba mpango huo na kuusoma? Matawi hayo na yampokee mgeni wiki yake ya kwanza, si siku aletwapo na machozi. Naye mgeni na aandike tarehe, kazi alizopewa na mafunzo aliyonyimwa, kwani shauri likifika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, manung'uniko matupu hayatamsaidia.