MASHINE NA MWENYE KUISHIKA



Ugonjwa wa korona ulipoingia nchini mwaka 2020, watu waliuliza: Hospitali zetu zina mashine ngapi za kupumulisha wagonjwa? Swali hilo ni jema, lakini ni nusu tu. Nusu ya pili ni hii: Nani anazishika?

Sisi watu wa reli twaelewa. Siku za injini za mvuke, boila ndiyo iliyovuta gari la moshi, na boila hiyo hiyo iliweza kupasuka ikamwua dereva na faiaman wake ikiwa presha haikuangaliwa. Mashine ya kupumulisha ni vivyo hivyo. Husukuma hewa kifuani mwa mtu asiyeweza kupumua vya kutosha. Lakini mapafu yenye ugonjwa mkali hujaa maji mahali pengi, hata hewa yote huingia katika sehemu ndogo iliyobaki nzima. Hewa ikizidi, sehemu hiyo hutanuka mno na kuumia.

Mwaka 2000 madaktari wa Marekani walitangaza matokeo ya wagonjwa 861. Kundi moja lilipewa mililita 12 za hewa kwa kila kilo, kama ilivyokuwa desturi. Kundi la pili mililita 6. Katika la kwanza walikufa karibu 40 kwa kila 100. Katika la pili, 31. Hapana dawa mpya iliyonunuliwa. Ilipunguzwa hewa tu.

Tena kilo hizo si za mizani. Huhesabiwa kwa urefu wa mtu, kwa maana mapafu hayaongezeki kwa unene. Mwanamume wa sentimita 170 huhesabiwa kilo 66, hata akiwa na kilo 100. Basi kila pumzi yake ni kama mililita 400. Presha ya mapafu yakisha kujaa isipite sentimita 30 za maji, na nyingine kidogo ibaki hewa itokapo, ili mapafu yasijifunge. Aliye mahututi zaidi hulazwa kifudifudi kwa saa nyingi.

Kwa hiyo twasema: Anayeidai mashine kwa hospitali yake, adai pia wauguzi waliofundishwa, wa mchana na wa usiku. Injini haikabidhiwi mtu asiyejua kusoma geji. Na wewe, ndugu, jamaa yako akitiwa katika mashine hiyo, uliza kwa adabu: "Je, amepimwa urefu?" Kumwuliza daktari hivyo si kumvunjia heshima.