Bahasha ya Bei Isubiri
Mhandisi mshauri wa mitaro ya Malindi hachaguliwi kwa bei pekee, kama mbaazi za asubuhi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inaruhusu kaunti ipokee bahasha mbili: ya ujuzi ipimwe kwanza, ya bei ibaki imefungwa hadi alama zijulikane. Utaratibu mzuri huo, nausifu. Kampuni iliyoshindwa huandikiwa barua yenye sababu, na ina siku 14 za kupeleka malalamiko kwa Bodi ya Mapitio ya Ununuzi wa Umma. Kasoro ni kwamba mlipa kodi wa mtaa wa Shela au Maweni haandikiwi kitu, naye ndiye mafuriko yakija huinua godoro. Bodi za manispaa za Malindi na Kilifi, bandikeni alama hizo ubaoni.